Nani Alikuwa Akilala Tao?

Kila mara nikisikia mtu akizungumza juu ya kufufua katikati ya mji, iwe ni Thika, Ruiru au hata Nairobi, huwa najiuliza: unafufua nini hasa? Kinachofufuliwa ni kitu kilichowahi kuwa hai. Na ukitaka kujua kama tao fulani iliwahi kuwa hai, usihesabu maduka yake. Uliza nani alikuwa akilala huko usiku.

Siku hizi jibu la wengi ni nyumba. Jenga fleti katikati ya mji, weka watu juu ya maduka, halafu biashara itachangamka, taa zitawaka na wezi watapungua. Sipingi. Lakini historia ya huku kwetu, kutoka Ruiru kupitia Juja na Kalimoni hadi Thika, inaonyesha kwamba tao zetu hazikukosa wakazi kwa bahati mbaya. Kuna waliokatazwa kukaa, na kuna waliokaa kisha wakaondoka kwa pamoja. Hadithi hizo mbili huwa hazisimuliwi kwenye mikutano ya kuzindua majengo.

Miji hii ilianza kama mahali pa kupakia mizigo. Hoteli ya Blue Posts, pale maporomoko ya Chania na ya Thika yanapokaribiana, inahesabu miaka yake kuanzia 1908, na wateja wake wa kwanza walikuwa walowezi na wawindaji waliokuwa wakielekea kaskazini. Tawi la reli kutoka Nairobi likafika Thika mwaka 1913. Halikuletwa ili watu waende kazini na kurudi, bali lilifuata mkonge na kahawa. Ruiru nayo ilikuwa na mto wenye maporomoko, na umeme uliowasha taa za Nairobi katika miaka ile ya mwanzo ulitoka hapo. Yaani Ruiru ilikuwa ikimulikia Nairobi kabla haijawa na taa zake yenyewe. (Wakazi wa Ruiru wanaokatikiwa stima kila wiki wana haki ya kucheka hapo.)

Katikati ya Ruiru na Thika kulikuwa na Juja ya William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyechukua maelfu ya ekari mwanzoni mwa karne iliyopita. Theodore Roosevelt alikuwa mgeni wake mwaka 1909. Hata jina la Juja, kwa masimulizi yanayorudiwa sana, linatokana na sanamu mbili alizozileta kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na nyingine Ja. McMillan alifariki 1925, akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk ambao ukiwa Kalimoni siku isiyo na mawingu unauona vizuri tu. Mjane wake akajenga maktaba ya kumkumbuka katikati ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo kusoma. Ni ile ile McMillan ambayo Wanjiru Koinange na Angela Wachuka wa Book Bunk wamekuwa wakiikarabati. Mimi huiona maktaba hiyo kama sehemu ya historia ya Juja. Utajiri ulikuwa na shamba huku, lakini kumbukumbu yake ilijengwa tao, na mtu wa huku akafungiwa mlango.

Sasa, nani alilala wapi? Mlowezi alilala shambani kwake. Kibarua alilala kambini, yaani zile laini za vyumba vya wafanyakazi ndani ya mashamba ya kahawa na mkonge. Katika mji wenyewe Mwafrika alihesabiwa kama mpita njia. Kuanzia 1920 mwanaume alitakiwa kubeba kipande, kilichoonyesha ameajiriwa na nani na mpaka lini. Mawazo ya serikali yalikuwa kwamba mwanaume anakuja peke yake, anafanya kazi, anarudi kwa mke na watoto alikotoka. Ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hasa kufikia miaka ya 1950, ndipo wakubwa wa koloni walipoanza kukubali kwa maandishi kwamba mfanyakazi wa mjini anahitaji nyumba ya familia na mshahara wa kuilisha. Kabla ya hapo, kumpa mtu chumba cha kulea watoto tao kulionekana kama kumpa haki ya kubaki.

Nilimuuliza mzee mmoja wa Kalimoni, aliyezaliwa na kukulia katika kambi ya kahawa, habari za siku hizo.

"Guka, Thika mlikuwa mnaenda lini?"

"Siku ya mshahara, mjukuu wangu. Tunanunua sukari, chumvi na mafuta ya taa, tunarudi kabla jua halijazama."

"Na kulala?"

Akanitazama kama niliyeuliza upuuzi. "Ulale wapi? Kwa nani?"

Ajabu ni kwamba kulikuwa na watu waliolala hapo. Tazama majengo ya zamani ya Commercial Street kule Thika, au yale machache yaliyobaki karibu na stesheni ya Ruiru, kabla hayajabomolewa yote. Mbele duka, nyuma ua, juu vyumba vyenye roshani au madirisha marefu ya mbao. Hiyo ni nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi. Alifungua mlango wa mbele saa moja asubuhi, na familia yake ilikuwa ikipika nyuma ya ukuta huo huo. Watoto walicheza uani. Bibi alianika pilipili kwenye roshani. Mteja aliyefika usiku akihitaji paketi ya chumvi aligonga mlango tu. Wataalamu wa mipango miji wa leo wanakiita kitu hiki matumizi mchanganyiko, na wanakichora kwenye kompyuta kana kwamba ni uvumbuzi. Huku kwetu kilikuwepo, ila kilipangwa kwa rangi. Sheria iliyompa Mhindi ruhusa ya kukaa tao ndiyo hiyo hiyo iliyomzuia kumiliki shamba kwenye nyanda za juu, na ndiyo iliyomwacha Mwafrika nje ya duka na nje ya chumba cha juu.

Uhuru ulipokuja 1963 watu walitaka kuingia, na walikuwa na haki. Mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria ya leseni za biashara, iliyozuia wasio raia kufanya biashara katika maeneo kadhaa na kuuza bidhaa kadhaa. Mwaka huo huo ikaja sheria mpya ya uhamiaji iliyowataka wasio raia wawe na vibali vya kufanya kazi. Wahindi wengi walikuwa na pasi za Uingereza. Waingereza walipoona watu wanakuja kwa maelfu, wakafunga mlango kwa sheria yao ya Machi 1968, na wiki za mwisho kabla ya hapo uwanja wa ndege wa Nairobi ulijaa familia zilizokuwa zikikimbizana na tarehe. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia takriban 176,000 nchini Kenya. Ile ya 1969 ilihesabu kama 139,000.

Tunapoisoma historia hii shuleni, tunaisoma kama habari ya biashara: maduka yalitoka mikononi mwa fulani yakaenda kwa fulani. Mimi naisoma pia kama habari ya vitanda. Pamoja na maduka, waliondoka watu waliolala juu ya maduka. Aliyenunua duka, mara nyingi mtu wa Gatundu, Gatanga au Murang'a, alikuwa tayari na boma lake. Tao kwake ilikuwa kazi. Kwa nini amlete mama watoto akae juu ya gunia la mbolea wakati ana nyumba, ng'ombe na kanisa lake kijijini? Basi vyumba vya juu vikawa stoo, vikawa lojing'i, baadaye vikawa vyuo vya kompyuta, saluni, kliniki za meno, na makanisa ya watu thelathini na spika za watu mia tatu. Hakuna aliyekosea kwa kufanya hivyo. Lakini ndani ya miaka michache tao ilipoteza wakazi wake, na sijawahi kuona mahali ambapo mtu alikaa chini akaliandika hilo kama hasara.

Wakati huo Thika ilikuwa bado na kazi. Viwanda vya nguo, ngozi, mananasi, makopo, na kuanzia miaka ya 1970 kiwanda cha kuunganisha magari cha Leyland. Wafanyakazi walihitaji mahali pa kukaa, wakakaa Makongeni, Majengo, Ofafa, na waliokosa kabisa wakajenga Kiandutu kwa mabati na mbao. Vitanda vilikuwa pembeni. Katikati palibaki pa kununua na kupanda gari.

Halafu kahawa ikaanguka, na hapa ndipo mambo yalipobadilika kwa Ruiru na Kalimoni kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Mwaka 1985 watafiti wa kahawa pale Ruiru walitoa aina mpya, fupi, inayozaa mapema na kustahimili magonjwa. Wakaiita Ruiru 11. Ilikuwa kazi nzuri ya sayansi na ilifika wakati mbaya kabisa. Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna takriban tani 129,000, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na mwenye shamba aliyeketi kilomita ishirini na kitu kutoka Nairobi akaanza kupiga hesabu tofauti. Ekari moja ya mibuni ilikuwa na faida gani, ukilinganisha na ekari hiyo hiyo ikikatwa vipande vinane?

Hesabu hiyo haikuanzia hapo. Kampuni za kununua mashamba zilikuwepo tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, wanachama wakichanga shilingi zao, wengi wao wakulima na akina mama wasiojua kusoma hati, ili wanunue shamba la Mzungu anayeondoka. Wengine walipata, wengine wakaachwa na risiti. Ila baada ya 1989 kasi iliongezeka. Ploti ya hamsini kwa mia, ambayo ni karibu thumuni ya ekari, ikawa kipimo cha maisha. Kijana akipata kazi, swali la kwanza la wajomba ni kama ameshanunua ploti. Majina ya mitaa yakabaki kama mawe ya kaburi: Kahawa West, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani. Ukimwambia mgeni unakaa Kahawa, atakuuliza mnalima wapi.

Kisha barabara. Ujenzi wa barabara kuu mpya ya Thika ulianza 2009, kampuni tatu za Kichina zikagawana vipande, na Rais Mwai Kibaki akaizindua Novemba 2012. Kilomita 50 hivi, gharama zaidi ya shilingi bilioni 30. Barabara ile ilifanya mambo mawili kwa mpigo. Ilileta watu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu 490,120. Miaka kumi, watu zaidi ya maradufu! Na wakati huo huo barabara iliwapitisha watu hao kando ya tao. Thika ya zamani iko ndani, ukitoka barabarani. Ruiru ya zamani iko upande mmoja, na nusu ya wakazi wake wapya hawana sababu ya kuikanyaga. Mtu anashuka 145 kwenye steji ya barabarani, anachukua boda hadi kwenye ploti yake, na sukari ananunua kwenye kioski kilicho chini ya fleti anayokaa. Juja ikafanya vivyo hivyo, ila kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Jomo Kenyatta: maghorofa ya bedsita yakaota mfululizo, kila moja na kereteka wake, tangi lake na mita zake za tokeni.

Kwa hiyo watu wanaolia kwamba tao imekufa kwa kukosa watu wanasahau kwamba watu wapo. Ruiru ina karibu nusu milioni! Wamelala pembeni tu, kwenye iliyokuwa kahawa.

Mwaka juzi nilitafuta keja Thika, ndani kabisa, karibu na steji, kwa sababu kazi yangu ilikuwa hapo na nilichoka kulipa nauli mara mbili kwa siku. Niliuliza kwenye majengo manane. Wenye nyumba walinishangaa kwa upole. Mmoja, mama wa makamo mwenye duka la vitambaa chini na vyumba sita vitupu juu, alinieleza kwa uvumilivu: "Sasa wewe, kijana wangu, nikikupa chumba utaniletea maji ya kuoga, sufuria, wageni, na kodi moja kwa mwezi. Nikigawanya chumba hicho hicho vibanda vinne vya simu na nguo, nina kodi nne, na saa moja jioni wanafunga wanaenda zao." Sikuwa na jibu. Hoja zote nzuri kuhusu mji uliochangamka hugonga ukuta kwenye hesabu ya mama yule.

Basi serikali ikisema itajenga nyumba katikati ya miji, inaingia mahali ambapo soko limekwisha kukataa. Pesa zipo: kila mwenye payslip ameona ile asilimia 1.5 inayokatwa, iliyopewa nguvu mpya na sheria ya nyumba nafuu ya Machi 2024. Ardhi iliyo karibu na katikati pia ipo, na ndiyo inayoleta maneno. Mara nyingi ni ya mitaa ya zamani ya manispaa, zile nyumba za vyumba viwili zenye paa la vigae ambazo koloni ilijenga ilipokubali hatimaye kwamba Mwafrika ana familia. Nairobi tumeona Pangani: nyumba 48 za zamani zilibomolewa ili kupisha zaidi ya 1,500. Kwa hesabu ya vitanda ni ushindi mkubwa. Kwa familia ambazo zilikaa pale vizazi vitatu zikilipa kodi ndogo, kitu cha kwanza kilikuwa kuhama na kungoja. Mitaa kama hiyo ipo Thika pia, na waliomo wanajua kusoma magazeti. Ukimwuliza mtu wa Ofafa kuhusu kufufua mji, jambo la kwanza atakalotaka kujua ni yeye atalala wapi mkifufua.

Tatu City, juu ya mashamba ya kahawa ya Ruiru, imechagua njia nyingine. Ekari 5,000, mradi uliotangazwa 2010, na mpango wa kujenga katikati mpya kabisa badala ya kushughulika na ya zamani: shule, viwanda, fleti, na njia za miguu zilizosafishwa. Nimepita humo. Ni kuzuri, na kuna utulivu unaokufanya uinue mabega kama uko kwenye mahojiano. Geti lina mlinzi anayeuliza unaenda kwa nani. Mjukuu wa kibarua anaweza kununua nyumba humo leo, na hilo si jambo dogo. Lakini mji ambao lazima useme unaenda kwa nani, huku kwetu tumeshaujua.

Ukinitaka nitoe mfano wa tao iliyojaza watu yenyewe, sitakupeleka Ulaya. Nitakupeleka Eastleigh, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 lojing'i iliyoitwa Garissa Lodge, yenye wageni Wasomali waliouza bidhaa vyumbani mwao, iligeuka kuwa soko, na mtaa mzima ukaifuata bila watu kuacha kulala juu ya biashara. Au Kariakoo, Dar es Salaam, ambako nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimegeuka maghorofa: maduka chini, stoo katikati, familia juu. Zote mbili zina kelele, maji taka na msongamano. Zote mbili ziko macho saa nne usiku. Na zote mbili zinakumbusha kwamba watu wakirundikana kwa kasi kuliko mhandisi, kuna bei: Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliporomoka na kuua watu zaidi ya ishirini, na Huruma, Nairobi, Aprili 2016, walikufa takriban hamsini katika jengo moja.

Kinachonitia wasiwasi Thika na Ruiru ni kitu kisichopigwa picha: mabomba. Bwawa la Ndakaini liko kwenye mto Thika, na maji yake mengi huenda Nairobi. Ruiru na Juja zimechimba visima na kununua maji ya boza kwa miaka mingi huku zikingoja mabwawa mengine, Karimenu likiwa mojawapo. Majitaka ndiyo usiseme. Duka lenye choo kimoja uani linaweza kuhudumia wauzaji wanne mchana. Haliwezi kuhudumia familia sita. Yule mama wa vitambaa alikuwa ananiambia hilo pia, kwa lugha ya kodi.

Hata hivyo kuna dalili. Thika ina vyuo vingi, na wanafunzi hawana boma la kurudi kila jioni. Mwezi uliopita, juu ya duka moja la mbegu na dawa za mifugo, niliona kamba ya nguo kwenye roshani: mashati mawili meupe, taulo, soksi. Nikapanda ngazi kuuliza. Vijana wanne wa chuo wamegawana chumba kimoja, wanachanga kodi, na mwenye duka amekubali kwa sababu usiku wanamlindia mali. Wana dirisha refu la mbao ambalo nusu yake haifunguki. Taa wanayo. Choo kiko chini, uani, na mlango wa ua hufungwa saa tatu.